UZI: Nkambo alinituma Laeken nimusalimie Bwana Kitoko, nikashuka mu kaburi ya bafalme ba Ubelgiji

Mwana_Kamalondo (Lubumbashi)

Jambo yenu bote. Hii itakuwa ndefu, munisamehe, ni kintu yenye inanikalia mu roho tangu nirudie safari, ku nyumba nimeshaielezea mara mingi, sasa naileta hapa juu najua kuko bale batapita njia moja na miye.

Mwaka jana yaya wangu mwanamuke (dada yangu mukubwa) mwenye anaishi Bruxelles alizaa, akanilipia tiketi niende nimusaidie kidogo na mutoto. Siku mbili mbele ya ndege nikapita Kamalondo, komini ya hapa Lubumbashi, kumuaga nkambo (muzazi wa bazazi bangu). Nkambo eko na myaka 80 na zaidi, masikio bado nzuri, macho njo imechoka. Nilizani atanituma dawa ya macho ao koti ya baridi. Akanyamaza, akazungusha kidole juu ya kikombe ya chai, akasema: "Ukifika kule, uende unisalimie Bwana Kitoko."

Kwa bale habajue, Bwana Kitoko njo Baudouin, mufalme wa Ubelgiji tangu 1951 mpaka alikufa mu 1993. Mu 1955 alikuya Kongo, kijana wa myaka 24, hajaoa bado, bantu bakamuita Mwana Kitoko, kijana muzuri, kisha wakubwa bakaona jina ya mwana ni ndogo kwa mufalme, ikageuka Bwana Kitoko. Alifika mpaka huku kwetu, wakati ile muji inaitwa Elisabethville. Nkambo alikuwa mutoto wa masomo. Balibapatia tubendera twa karatasi, bakabapanga pembeni ya barabara tangu asubui na ile baridi ya kiangazi, tushati twepesi, wakangojea, wakangojea, gari ikapita. Nkambo aliona kofia na mukono. Njo vile tu. Lakini ile mukono anaibeba tangu ile siku, karibu myaka 70 sasa, na mi akinituma siwezi kukatala.

Laeken iko mu Bruxelles yenyewe, upande wa nyumba ya bafalme. Unapanda metro namba 6, unashuka Bockstael, unatembea na miguu dakika kama kumi. Mara ya kwanza nilienda siku ya kazi nikakuta mlango ya kripti imefungwa (kripti njo ile kaburi ya chini ya kanisa). Mama moja mwenye alikuwa anapita na mbwa akaniambia inafunguliwaka siku ya Mungu (Jumapili) mchana, hapana kila siku, kwa hiyo mwenye atapita kule aulizie kwanza. Sikurudia bure, nikaingia mu makaburi ya pembeni ya kanisa, kuko mpaka ile sanamu ya Rodin, muntu amekaa anafikiri mukono ku kidevu, balimuweka juu ya kaburi ya muntu moja. Nikakaa pale karibu saa moja nikiangalia mugongo yake.

Siku ya Mungu nikarudia. Kanisa yenyewe ni kubwa ya kuogopesha, mawe imechongwa kama dantela. Mufalme wa kwanza, Leopold wa kwanza, aliijengesha juu ya bibi yake Louise-Marie mwenye alikufa 1850, mwenye alitaka azikwe Laeken. Aliweka jiwe ya kwanza mu 1854, na mwenye kuichora njo Poelaert, yuleyule wa Palais de Justice ya Bruxelles. Sikulipa kitu. Unashuka, na baridi inakupanda tangu ku nyayo, viatu vya kila muntu vinasikika, harufu ya mishumaa na ya jiwe yenye haijaonaka jua. Bantu banaongea pole pole kama mu nyumba ya mugonjwa.

Na sasa njo kintu yenye sikuwa nangojea. Nilizani nitakuta majina ya bazungu yenye sina kazi nayo. Nikaanza kusoma ku masanduku ya mawe, moja moja: Leopold. Albert. Elisabeth. Baudouin. Nikasimama. Haya yote ni majina ya kwetu! Elisabeth, bibi ya Albert wa kwanza, njo yeye muji yetu iliitwa jina yake tangu 1910 mpaka 1966. Albert, njo Albertville, yenye lelo ni Kalemie. Na mi nilizaliwa Kamalondo, yenye nkambo anaiitaka mpaka lelo komini Albert, hajaachaka. Ku karte ya kazi ya nkambo, ku barua zake, ku muhuri ya masomo, ku kila karatasi yenye aliweka mu sanduku yake ya bati, kuko jina ya mama mwenye amelala hapa mbele yangu, na kati yangu na yeye ni jiwe tu.

Nitaendelea, umeme inataka kuenda.

Kisarawe_1 (Dar)

Aisee mkuu uzi mtamu huu, usituache njiani. Kiswahili chenu cha Lubumbashi inabidi nisome mara mbili lakini naelewa kila kitu. Nimeweka kiti nasubiri.

MamaBijou (Lubumbashi, Katuba)

Mwana ya mama, uliandika muzuri sana. Baba yangu naye alikuwaka pale ku barabara 1955, anasema balipewa biskwiti. Lakini unatuzungusha, Leopold wa pili eko pale ao haiko? Ulimuona? Ulifanya nini?

Virunga_Goma (Goma)

Na mimi naulizia hiyo hiyo. Ningekuwa mimi singeshuka hizo ngazi, nasema ukweli.

Mwana_Kamalondo (Lubumbashi)

Umeme imerudia. MamaBijou, jibu: ndiyo, eko pale.

Nilimupita mara ya kwanza bila kumujua, juu nilikuwa natafuta Baudouin. Kisha nikarudi nyuma nikasoma tena. Leopold wa pili, amezaliwa 1835, amekufa tarehe 17 mwezi wa kumi na mbili 1909. Mi nilisoma historia kama ninyi bote: tangu 1885 mpaka 1908 hii inchi yote ilikuwa mali yake, hapana ya Ubelgiji, yake yeye muntu moja, na hajakanyagaka hapa hata siku moja. Kaochu (mpira), pembe, mikono ya bantu yenye ilikatwa. Bakambo bakambo betu bengi balikufa na muntu mwenye habakumuonaka hata kivuli. Na sasa mi, mutoto wa Kamalondo, niko nimesimama karibu yake kuliko bote bale. Ningenyoosha mukono ningegusa jiwe.

Sikumutukana. Sikumulombea. Nilisimama tu na magoti ilikuwa inatetemeka, na siwezi kuwaambia ilikuwa ni kasirani ao ni baridi. Kulikuwa bazungu babili babibi na babu pembeni yangu, babu akanisalimia na kichwa, mi nikamuitikia, sikujua macho yangu ilikuwa inasema nini.

Kisha nikakuta kaburi ya mutoto. Mutoto mwanaume wa Leopold wa pili, alikufa 1869 na myaka kenda. Aliangukia mu maji ya bwawa, akapata ugonjwa ya kifua. Mi niko na mutoto wa myaka kenda ku nyumba. Hapo njo nilichoka, juu sikutaka kumuonea huyu muntu huruma, na huruma ikakuya bila kuomba ruhusa. Baba mwenye alilia mutoto wake moja, na kisha inchi nzima ikalia batoto juu yake. Kuko ile foto ya 1904, Nsala, baba Mukongomani, amekaa ku baraza anaangalia kaguu na kamukono ka binti yake kenye kalikatwa, bote tulishaiona. Ilikuya mbele ya macho yangu mulemule mu kripti, na nikakaa nayo.

Kintu moja yenye yaya alinieleza usiku ile: siku Leopold alizikwa, mu 1909, mu barabara za Bruxelles bantu balimuzomea. Bantu bake mwenyewe. Alikuwa ametoka kuoa mwanamuke kijana siku chache tu mbele ya kufa, na habari za Kongo zilikuwa zimeandikwa mu magazeti yote.

Baudouin nilimukuta. Kulikuwa maua, na utepe ya bendera yao, mweusi, manjano, mwekundu, ncha ya utepe ilikuwa imeloa maji ya maua. Nikainama kidogo, nikasema kwa Kiswahili, pole pole: "Bwana Kitoko, nkambo wa Kamalondo anakusalimia. Alikuwa mutoto, ulipita na gari." Njo vile tu. Hakuna mwenye alinisikia.

Mukubwa_Ruashi (Lubumbashi)

Kijana, nimesoma yote na heshima, lakini sikubali. Hiyo salamu haikuwa ya kupeleka. Huyo Bwana Kitoko wenu tarehe 30 mwezi wa sita 1960 alisimama Léopoldville mbele ya bantu bote akamusifu Leopold, akasema uhuru ni kazi yake. Njo maana Lumumba alisimama akajibu vile alijibu. Na miezi saba haijatimia, tarehe 17 mwezi wa kwanza 1961, Lumumba akauawa hapa hapa kwetu, Shilatembo, pamoja na wenzake Mpolo na Okito. Bakachimbua miili, bakaiyeyusha na asidi. Polisi wa Kibelgiji akabakia na jino. Jino! Bunge yao yenyewe mu 2001 ilikubali kama kuko wakubwa wa Ubelgiji wenye kubeba lawama ya kile kifo. Sasa unaniambia mambo ya maua na utepe.

Mi nilikuwa Shilatembo 2022 wakati jino lilirudi. Balilipatia familia kule Bruxelles tarehe 20 mwezi wa sita, likazungushwa inchi, likafika huku. Sanduku nzima ya maiti, bantu bazima bamebeba ku mabega, na ndani jino moja. Mi nililia mbele ya batoto bangu. Tarehe 30 likazikwa Kinshasa. Myaka 61 muntu hana kaburi, na abo beko na kanisa nzima.

MamaBijou (Lubumbashi, Katuba)

Mukubwa uko na haki, lakini salamu ilikuwa ya nkambo, haikuwa yake. Mutoto anatumwa anaenda. Huyu nkambo alikuwa na myaka kumi na kitu, hakujua siasa, alipewa kabendera.

Mukubwa_Ruashi (Lubumbashi)

Mama, nakusikia. Sikasirikie nkambo. Nakasirikia vile balitufundisha kupunga tubendera.

Kivu_Yetu (Bukavu)

Bandugu, mimi niko na swali moja kwa mwenye uzi. Mu 2022 mufalme wao wa sasa, Philippe, alifika hapa Bukavu, akaenda hospitali ya Panzi, mbele ya hapo alipita kwenu Lubumbashi. Na mu 2020 alikuwa ameandika barua ya kusema anasikitika sana juu ya mabaya ya zamani. Sasa kule chini ulikosoma majina, kuko mahali baliandika kitu juu ya Kongo? Hata mustari moja?

Mwana_Kamalondo (Lubumbashi)

Kivu_Yetu, mi sikuona. Niliona majina na myaka. Labda macho yangu haikufika pote, lakini niliangalia juu swali yako njo ilikuwa swali yangu.

Mukubwa, yote unasema ni kweli na sitabishana na weye. Nangoja nimalizie, juu hii safari haikuishia Laeken.

Virunga_Goma (Goma)

Naomba niingize kitu kidogo hapa, juu nimefikiria sana usiku. Mimi nilishaenda Kasubi, Kampala, kwenye makaburi ya wafalme wa Buganda. Nilipanda basi kwenda kuchukua bidhaa, nikawa na siku moja ya bure, dereva wa boda akanipeleka. Pale wamelala wanne: Muteesa wa kwanza mwenye alikufa 1884, Mwanga, Daudi Chwa, na Muteesa wa pili mwenye alifia London 1969 wakamrudisha 1971. Mwanga naye Waingereza walimfukuzia Seychelles akafia huko 1903, mwili ukarudi 1910. Yaani ni watu wenye kujua uchungu wa kuzikwa mbali.

Ni nyumba ya nyasi, kubwa ajabu, duara, iliungua mwezi wa tatu 2010, tena watu walilia barabarani kama wamefiwa jana, wakaijenga upya kwa miaka mingi. Sasa sikieni tofauti. Pale unavua viatu. Unakaa chini. Kuna pazia la gome la mti linalotoka juu mpaka chini na nyuma yake wanasema ni msitu. Mfalme hajafa, ameingia msituni. Hausomi jina kwenye jiwe, kuna mabibi waliokaa pale wanalinda, na ndio wenye kukueleza. Mimi si Mganda, lakini nilitoka pale nimetulia. Ninaposoma ya Laeken naona baridi ya jiwe tu.

Kisarawe_1 (Dar)

Hii ya msitu imenigusa kweli.

Ziwa_Moba (Kalemie)

Salamu kutoka ziwani. Mwenye uzi, umetaja Albertville, asante, lakini umesahau mmoja. Mu ile kripti kuko Baudouin mwingine, mwana wa mfalme, ndugu wa Albert, alikufa kijana 1891. Jina lake njo balipatia Moba yetu, Baudouinville. Wazee wetu walibatizwa mu muji yenye jina la kijana wa Kizungu ambaye hakufika miaka 22.

Na kuna jambo nataka kila mtu wa Katanga alijue. Mbele ya hilo jina, ile pande ilikuwa na mkubwa wake, Lusinga, mtemi wa Watabwa. Storms, luteni wa Kibelgiji mwenye alikuwa na kituo Mpala pembeni ya ziwa, alituma watu mu mwezi wa kumi na mbili 1884 wakamuua, wakamkata kichwa. Storms akapeleka fuvu Ubelgiji. Lilikaa kwenye sanduku la mize (makumbusho) ya Afrika, Tervuren pembeni ya Bruxelles, na mu 1964 likahamishiwa ile taasisi ya sayansi ya Bruxelles, pamoja na mifupa ya wanyama na mawe. Sanamu la Storms lilikuwa kwenye bustani ya Bruxelles mpaka 2022 njo wakalitoa. Kwa hiyo mkisema kaburi la wafalme, mnaona, na sisi tuko na mfalme kule. Ila yeye alipewa namba ya rafu.

Mwana_Kamalondo (Lubumbashi)

Ziwa_Moba, nimesoma hii mara tatu. Sikujua. Ningejua nikiwa kule ningeenda ku ule mlango kuulizia. Asante.

Sasa nimalizie ya Tervuren, juu njo hii nilitaka mujue tangu mwanzo, na kama kuko mwenye atachukua kintu moja tu mu hii uzi achukue hii.

Jioni ya Laeken nilirudia ku nyumba sikuongea. Yaya akaniangalia, akasema: "Kesho kutwa tunaenda Tervuren. Umeona babo, sasa utaona betu." Tukabeba mutoto ku mugongo, tukapanda tramu namba 44 ya Montgomery, inapita mu miti, safari nzuri sana, mutoto alilala njia yote.

Mu 1897 Leopold alitengenesha maonyesho makubwa kule. Akaletesha Bakongomani 267, bakabajengea vijiji vya uongo pembeni ya bwawa, bazungu bakakuya kubaangalia bakipika, bakicheza, bakikaa tu. Saba balikufa ile kiangazi ya kwao, na baridi na magonjwa ya kifua. Beko mpaka lelo Tervuren, nje ya kanisa ya Mutakatifu Yoane, hapana ndani, pembeni ya ukuta. Mawe saba ya kulala chini, sawasawa, mamoja yamepandwa na kale kanyasi ka kijani kenye kanapenda maji. Mvua ilikuwa imenyesha. Yaya akachukua kitambaa ya mutoto akapanguza jiwe moja moja ili tusome.

Ekia. Gemba. Kitukwa. Mpeia. Zao. Samba. Mibange.

Akaniambia: "Soma na sauti, hapana mu roho." Nikasoma na sauti. Mi nimeishi myaka 38, nimeimba mu kwaya, nimeongea mbele ya bantu ku matanga, lakini sauti yangu haijaisumbukaka vile. Nilifika ku jina ya ine ikakatika. Yaya akamalizia. Hakuna mufalme hapa, hakuna dantela ya mawe, gari zinapita karibu sana, mutu moja alikuwa anashusha masanduku ya bia ku kafé ya ng'ambo. Na mi nilikuwa na amani kuliko kule Laeken, juu hapa nilijua nimekuya kwa nani. Tuliweka maua yenye yaya alinunua ku soko ya Matonge, saba, kila jiwe yake.

Kisha tukaingia mu mize ya Afrika, yenye iko karibu. Kuko ukuta moja ya zamani, baliandika majina ya Babelgiji benye balikufa Kongo wakati wa Leopold, zaidi ya 1500, kubwa, yote mistari mistari. Na jina ya Mukongomani haikuwako hata moja. Sasa Freddy Tsimba, fundi wetu wa Kinshasa, aliandika majina ya benye balikufa kule Ubelgiji ku vioo vya madirisha, mbele ya ile ukuta. Jua ikiwaka, kivuli ya majina yetu inaangukia juu ya majina yao. Ile siku mawingu ilikuwa mingi. Tulikaa tukangojea karibu nusu saa, mulinzi anatuangalia, na jua ikatoka kidogo, dakika mbili hazifike. Niliona majina yakitembea ku ukuta. Mutoto akaamuka akaanza kunyoosha kakidole.

Mukubwa_Ruashi (Lubumbashi)

Kijana. Hapo umenimaliza. Nimeandika ile majina saba ku karatasi, nitayapeleka ku mesi ya Jumapili balombewe.

MamaBijou (Lubumbashi, Katuba)

Mi niko nalia hapa ku soko, wateja banashangaa. Na nkambo je? Ulimuambia nini?

Mwana_Kamalondo (Lubumbashi)

MamaBijou, siku nilirudia nilienda kwanza kwake mbele ya kufika kwangu, na mizigo yote. Nikamuambia: nkambo, salamu imefika. Akafurahi, akauliza alikuwa na maua? Nikasema ndiyo. Akauliza juu ya Elisabeth, nikamuambia eko pale na bwana yake. Akacheka kidogo, akasema basi komini yetu na muji yetu bamelala pamoja.

Kisha nikamueleza Leopold na mutoto wake, na wale saba, na jino, yote. Sikumuficha. Alinyamaza muda mrefu mpaka nikazani amelala. Akafungua macho akasema: "Siku ile 1955 mwalimu alituambia tupige kelele sana ili asikie. Tulipiga. Hakugeuza kichwa." Hakusema ingine. Kisha akaniuliza wale saba, nani anabapelekea maua wakati yaya yako anahama?

Sikuwa na jibu. Nikamuambia yaya hajahama bado.

Wiki iliyopita akaniita. Anasema kama mi niliweza kuvuka bahari kuona kaburi za bafalme ba bengine, njo aibu gani hajafikaka Bunkeya, ku kaburi ya M'siri, mufalme wa Bayeke, na Bunkeya ni hapa tu, unapita Likasi. M'siri aliuawa tarehe 20 mwezi wa kumi na mbili 1891, Bodson, ofisa wa Kibelgiji, alimupiga risasi, na Bodson naye akafia palepale. Bayeke banasema kichwa ya mufalme ilikatwa bakaenda nayo. Kila mwaka ile tarehe banakusanyika kumukumbuka. Nkambo anataka kuenda. Nilimuambia barabara ni mbaya na mvua itakuwa mingi, akasema yeye alijenga barabara, asifundishwe.

Kwa hiyo natafuta benye batakuya na shiye, tuchange mafuta. Gari ya shemeji inabeba saba.

Mukubwa_Ruashi (Lubumbashi)

Niandike. Na bibi yangu pia. Yeye ni Muyeke upande wa mama, atatusaidia kule namna ya kuingia na namna ya kusalimia, juu huwezi kufika tu ku kaburi ya mufalme kama unaingia ku soko.

Ziwa_Moba (Kalemie)

Mimi niko mbali, lakini mukifika mutaje na Lusinga. Wote wawili ni wa hii nchi moja.

Mwana_Kamalondo (Lubumbashi)

Tutamutaja. Nimeandika mu daftari.

MamaBijou (Lubumbashi, Katuba)

Mi na Bijou, nafasi mbili. Nitaleta bukari (ugali) ya kubeba na samaki ya kukauka, musinunue chakula njiani. Tunaondokea wapi?

Mwana_Kamalondo (Lubumbashi)

Mbele ya posta, tarehe 19, saa kumi na moja ya asubui, hapana saa kumi na mbili. Nafasi zimebakia mbili. Ile ya mbele ku dirisha ni ya nkambo, ameshaisema.